Makabidhiano ya Namba Nne

Saa moja kamili asubuhi, kabla mgeni yeyote hajaamua kama anaamka au anajigeuza upande wa pili, watu watatu walikuwa wakipita mlango baada ya mlango katika hoteli ile ya vyumba vinane, wakisimama kila mlangoni na kuelezana habari za aliyelala ndani. Aliyeshika daftari alikuwa Sista. Wazazi wake hawakumpa jina hilo, lakini miaka ishirini na saba ya kusimamia wodi ya ghorofa ya saba, katika hospitali kubwa ya mjini, ilikuwa imelimeza jina la wazazi, likabaki la kwenye kitambulisho tu. Kulia kwake alisimama mumewe, Mwalimu, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na kuchora bahari ubaoni kwa chaki ya buluu mara zisizo na hesabu, ilhali yeye mwenyewe maji yakimfika magotini hukumbuka ghafla kazi aliyoiacha nchi kavu. Kushoto alikuwa wifi yake Sista, dada mdogo wa Mwalimu, mwanamke wa vitanda na mashuka, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Namba moja," husema Sista.

"Baba na watoto wawili," hujibu wifi. "Yule mdogo jua limemchoma mabega, jana kalala kifudifudi."

"Mwavuli wapewe kabla hawajauomba. Namba mbili."

Hivyo hivyo mpaka namba nane. Waliita makabidhiano, kama kule hospitalini, zamu inayotoka inapoikabidhi zamu inayoingia wagonjwa, kitanda kwa kitanda. Tofauti ni kwamba hotelini hapakuwa na zamu inayotoka wala inayoingia. Watu walikuwa walewale watatu, walale wao, waamke wao. Mwalimu aliwahi kuuliza, kwa upole wa mtu aliyeoa siku nyingi, hasa wanamkabidhi nani. Sista alimtazama mpaka mwenyewe akaomba radhi.

Alikuwa na sababu yake, na hakupenda kuisimulia. Mwaka wake wa pili kazini, zamu moja ilimruka bibi wa kitanda cha pembeni. Hawakumruka kwa ubaya. Bibi hakuwa na makuu, hakupiga kelele, hakulalamika, basi waliona hakuna la kusema juu yake wakapita. Hakuna aliyemwambia Sista kwamba mkono wa bibi haufiki kwenye glasi. Bibi alikaa kwa saa nane na maji yakiwa pale pale kando yake, akiyatazama. Hakufa, wala hakumlaumu mtu; alipopewa glasi alisema ahsante. Ile ahsante ilimuuma Sista kuliko tusi, na tangu siku ile hakuna kitanda kilichorukwa mbele ya macho yake.

Makabidhiano ya hotelini yalifanywa kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kujaa. Nchi ile ilikuwa na lugha yake, nao walikuwa wamejifunza ya kubabaisha: ya kuuliza chai au kahawa, ya kuomba radhi kwa mchanga bafuni, na kwa Mwalimu, ya kueleza hali ya hewa hata kwa asiyetaka kujua. Kiswahili hakikujulikana na mtu pale ufukweni. Kwao kilikuwa chumba cha tisa, chumba cha kwao wenyewe, wanaweza kusema humo chochote bila kufunga mlango.

Jinsi Sista alivyofika huko ni hadithi ambayo wifi huisimulia kwa kuitia chumvi, lakini hata bila chumvi ina ladha. Akiwa na miaka hamsini na moja, baada ya kugoma kupumzika kwa miaka tisa, alilazimishwa likizo. Akaja kwenye hoteli hii hii, nje ya nchi, kama mgeni. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alikaa kwenye kiti akaitazama bahari mpaka akajisikia mkosefu. Siku ya tatu alifungua kabati la mashuka akitafuta taulo, akakuta foronya zimechanganyika na vitambaa vya meza. Mchana wote ukaishia humo. Mwanasheria aliyekuwa akisimamia nyumba kwa niaba ya mwenyewe alifika jioni, akalikuta kabati limepangwa kwa ukubwa na rangi, na mgeni wake amekaa chini sakafuni mwenye furaha tele. Msimamizi wa zamani alikuwa amekwisha kuchoka na chumvi na kutu. Mwanasheria akauliza swali kwa mzaha: je, angeichukua kazi hiyo yeye? Sista hakulijibu kwa mzaha.

Mjini alikuwa amepangiwa cheo kipya, ofisini, kusaini fomu za watu ambao hatawaona. Dirisha la wodi yake lilitazama ukuta wa jengo jingine; la ofisi mpya lisingetazama kitu kwa sababu halikuwepo. Binti yao mkubwa alipopata habari alipiga simu na maneno yake yalikuwa mafupi: "Mama, umechanganyikiwa." Sista akamjibu kwamba inawezekana, lakini mkataba ni wa miaka mitatu, na hata mwenye wazimu akipewa miaka mitatu huonyesha kitu.

Makosa yalikuwa mengi, na hakuyaficha. Mwezi wa kwanza aliingia vyumbani saa kumi na mbili alfajiri na kufungua mapazia, akiwaamkia watu kwa uchangamfu, mpaka maharusi wa namba sita wakaondoka siku mbili kabla ya wakati. Vitanda alivitandika kiwodi, shuka limekazwa chini ya godoro barabara; wageni walishindana nalo kuingia na kushindana nalo kutoka. Aliacha mapazia. Shuka hakuliacha, ila alilegeza upande mmoja. Na wageni walianza kurudi. Mwaka wa pili walirudi na ndugu zao. Walishindwa kueleza ni nini hasa, ila hapa mtu akipata mafua leo, kesho mezani kwake anakuta limau, na hakuwa amemwambia mtu.

Kwa hiyo mwaka wa tatu ulipokaribia kwisha, Sista hakuwa na wasiwasi, mpaka mwenye nyumba alipoleta barua kwamba anakuja mwenyewe.

Hawakuwahi kumwona. Alikaa mbali, mji wa ndani, na mambo yote yalipita kwa mwanasheria. Alifika kwa gari la kukodi, mama wa miaka themanini hivi, mwembamba, amenyooka, na kofia pana ya kijivu. Hakukaa hata kwenye kiti alichosogezewa. Alisema kwa lugha ya kwao, polepole, ili wote waelewe.

"Nitakaa siku tano. Kuna mtu anataka kuibomoa hii ajenge ghorofa sita. Siku ya tano nitawaambia kama ni yeye au ni nyinyi."

Akachagua namba nne, juu, ijapokuwa chumba kimoja cha chini kilikuwa kitupu na kimepambwa kwa ajili yake. Akapanda ngazi bila kushika mkono wa mtu.

"Mke wangu," alisema Mwalimu jikoni, roho juu, "kwa siku hizi tano tu, tuache makabidhiano."

"Kwa nini? Anajua Kiswahili?"

"Hajui. Lakini watu watatu wakisimama mlangoni kwako wakinong'ona..."

"Sisi hatunong'oni," alisema Sista. Basi yakaishia hapo.

Asubuhi ya kwanza walisimama mbele ya namba nne.

"Kofia ile, wifi," alianza dada yake Mwalimu, "ikinyesha mvua tunaingia wanne na mzigo wetu. Na kisirani kile! Jana nimempa maji kanitazama kama nimempa deni."

"Si kisirani," alisema Sista. "Ni magoti. Hukumwona ngazini? Kila baada ya hatua tatu anasimama kujifanya anatazama picha ukutani. Mwekeeni kiti pale kati, na meza ndogo yenye maua, aonekane amekaa kwa ajili ya maua. Mkate hakuumaliza, aliacha maganda. Meno si yake. Kesho ukate maganda jikoni, usikate mbele yake. Na dirisha hakulifungua."

"Pengine anaogopa upepo," alisema Mwalimu.

"Pengine. Na jambo moja. Mwanasheria aliniambia namba nne kilikuwa chumba chao, yeye na mumewe, kabla nyumba haijawa hoteli. Mume amefariki mwaka jana. Msimuulize habari zake. Hata kidogo. Namba tano."

Siku hiyo mama mwenye nyumba hakuvaa kofia. Alikaa kwenye kiti cha katikati ya ngazi muda mrefu, akitazama maua ambayo, kusema kweli, hayakuwa na la kutazamwa. Siku ya pili alikula mkate wote, na dirisha la namba nne likafunguliwa.

"Mnaona?" alisema Sista, na alijisikia vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa kujua na alipenda kujua kwake kuonekane.

Mchana wa siku ya pili kilitokea kitu ambacho baadaye kilimkosesha Sista raha. Walikuwa mezani, mama mwenye nyumba upande mmoja kwa heshima, wao watatu upande wa pili. Mwalimu alimwambia dada yake kwa Kiswahili, "Hebu nisogezee chumvi." Mkono wa mama mwenye nyumba ukaenda kwenye chumvi, ukaishika, kisha ukaiacha ukachukua kitambaa cha mdomo. Sista aliona. Sista aliyewahi kujua kutoka mlangoni kwamba mtu atapandisha homa kabla kipimo hakijasema, aliona, akajiambia bibi anatafuta kitambaa.

Siku ya tatu, makabidhiano ya namba nne yalikuwa marefu.

"Nywele," alisema Sista. "Hajaziosha, na si kwamba hapendi. Mikono haipandi. Amezifunga kwa kitambaa ili zisionekane, na mtu nadhifu kama yule linamtesa. Leo nitamwosha."

"Wewe!" alisema Mwalimu. "Atafikiri tunajipendekeza. Mtu ana mkataba wetu mkononi, unakwenda kumshika kichwa?"

"Mkataba ni mkataba na nywele ni nywele. Simvishi mtu kilemba cha ukoka mimi. Angekuwa mgeni wa namba mbili ningemwosha vilevile."

"Akikataa?"

"Akikataa nitamwambia maji yameshachemka, yatapotea bure."

Na ndivyo alivyomwambia, kwa lugha yake ya kubabaisha, akiwa amesimama na beseni. Mama mwenye nyumba alimtazama sana. Halafu akaanza kufungua kitambaa, na vidole vilipokwama kwenye fundo Sista alilifungua mwenyewe bila kusema pole, maana alijua pole nyingine ni za kumdhalilisha mtu.

Walikaa kibaraza cha nyuma, kiti kimeegemezwa, taulo shingoni, maji ya uvuguvugu kwenye jagi. Nywele zilikuwa nyeupe na nyingi kuliko zilivyoonekana. Sista aliwahi kuosha vichwa vya watu wasioweza kujibu, waliozimia, waliokuwa wanakwenda, na alikuwa na desturi ya kuongea nao, hata kama hawasikii. Mkono ukishika kazi mdomo nao unafunguka. Akaongea Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa karibu.

"Tulia mama, hili ni jicho, nalifunika. Hapo sawa. Unajua, watu wangu wanakuogopa. Mume wangu hata usingizi hapati, anapanga vitabu vyake kwenye maboksi anafikiri sioni. Mimi sikuogopi. Nyumba ni yako, ukiichukua utakuwa umechukua chako. Nitalia siku mbili. Ya tatu nitaoga nitafute nyumba nyingine yenye kabati baya. Lakini nitakwambia la moyoni kwa kuwa hunielewi: mjini nilihudumia watu wakiwa na maumivu yao, wakipona wanaondoka, nikabaki na kitanda kitupu. Hapa nimeona watu wakiwa wazima. Sikujua watu wasioumwa wanacheka hivyo asubuhi. Miaka ishirini na saba, mama, sikujua. Ukibomoa, hicho ndicho nitakachokililia, siyo kuta. Inama kidogo, nisuuze."

Mama mwenye nyumba aliinama. Maji yakapita usoni kwake, na Sista akampangusa, akaona macho mekundu, akalaumu sabuni.

Siku ya nne mama mwenye nyumba hakutoka sana. Mwanasheria alikuja, wakazungumza varandani kwa saa mbili, na makaratasi mezani. Akaja pia mtu mwingine mwenye viatu vya kung'aa, akapima ua kwa hatua, akaupima tena. Wifi aliyaona hayo kupitia dirisha la jikoni akaendelea kuifuta sahani iliyokwisha kukauka.

Jioni, jua likingali juu, Mwalimu alimfuata mkewe kwenye kamba ya nguo. Hakuwa mtu wa kugombana. Alianza kumsaidia kuanua.

"Kesho ni siku ya tano," alisema. "Nakuomba kitu kimoja tu, na sijakuomba kingine tangu tuhame. Kesho tupite namba nne kimya. Mtu anaamua jambo zito, asiamshwe na sauti zetu. Siku moja tu."

Sista alitaka kukataa. Akamtazama yule mzee aliyeacha ubao wake, rafiki zake na barabara alizozijua zote, akamfuata mpaka kando ya maji anayoyaogopa, wala hajamwambia hata siku moja kwamba ilikuwa ni kwa ajili yake.

"Siku moja," alisema.

Asubuhi walianza kama kawaida. Namba moja, mabega yamepoa. Namba mbili, wanaondoka leo, wafungiwe chakula cha njiani. Namba tatu, mume anakoroma, mke amehamia kiti cha nje, atafutiwe shuka la ziada na asiulizwe. Halafu Mwalimu akatembea kwa ncha za vidole kupita mlango wa namba nne, wifi nyuma yake na mzigo wa mashuka, na Sista wa mwisho, daftari limefungwa kifuani. Walifika namba tano. Akafungua daftari, akafungua mdomo.

Nyuma yao mlango ulifunguka.

"Mmeniruka," sauti ilisema.

Kwa Kiswahili. Kiswahili chenye kutu, kilichosahaulika pembezoni, lakini kilichonyooka.

Mashuka yote yalimponyoka wifi. Mwalimu alishika ukuta. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama kizingitini na gauni la kulalia, nywele zake nyeupe zimeachiwa mabegani.

"Siku nne mmenisoma vizuri," alisema, "leo mmenipita kama chumba kitupu. Nimekaa kitandani tangu saa kumi na mbili nangoja zamu yangu."

"Mama," alisema Sista, na sauti yake, ambayo madaktari wakubwa walikuwa wakiinyamazia, ilitoka nyembamba. "Unaelewa... tangu siku ya kwanza?"

"Niliolewa na mtu wa kujenga madaraja. Alinipeleka kwenu nikiwa bibi harusi, tukakaa miaka kumi na moja. Watoto wangu wote wawili walianza kuongea kwa hicho. Sijakisikia tangu tulipoondoka. Nimefika hapa, nimelala kwenye chumba nilichokiogopa mwaka mzima, na asubuhi nakisikia mlangoni kwangu, kinasema kofia yangu inaenea watu wanne." Alimtazama wifi. "Na mzigo wao."

Wifi alijifunika uso kwa foronya.

Sista hakuwaza kofia, wala chumvi, wala yale aliyoyamwaga kibarazani juu ya kichwa kilichokuwa kinamsikia neno kwa neno. Aibu hiyo angekuwa nayo baadaye, kwa wingi. Alichowaza ni yule bibi wa kitanda cha pembeni na glasi yake. Ameruka kitanda. Yeye, kwa miguu yake mwenyewe. Machozi yalimtoka wala hakuyapangusa, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika daftari.

Akarudi hatua zile chache mpaka mbele ya namba nne. Akafungua ukurasa.

"Namba nne," alisema, kwa sauti ya kujaa kadiri alivyoweza.

"Mama mzee," alisema mama mwenye nyumba, na akangoja Sista aandike. "Magoti mabaya. Amelala vizuri. Meno si yake, aliyesema hivyo aliona vizuri. Kisirani anacho, lakini ni cha asubuhi tu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kuna mahali ulikosea, Sista. Uliwaambia wasiniulize habari za mume wangu. Siku nne hakuna aliyeniuliza. Andika kwamba niulizwe."

Sista aliandika. Mwandiko ulikwenda upande.

"Na yule mtu wa ghorofa sita?" aliuliza Mwalimu, hakuweza kujizuia.

"Nilimrudisha jana na viatu vyake. Mwanasheria ana karatasi zenu, za miaka kumi. Ila namba nne, mwezi huu, kila mwaka, ni changu, na sitaki kupitwa kimya." Alimgeukia Sista tena. "Haya. Hospitalini mkimaliza mgonjwa mmoja mnasemaje?"

Sista aliishusha kalamu. "Tunamuuliza kama anahitaji kitu," alisema. "Mama, unahitaji nini?"

Mama mwenye nyumba alifikiri. "Kuulizwa," alisema.

"Alikuwa mtu wa namna gani, mumeo?"

"Nitakuambia wakati wa chai. Ni habari ndefu, na nyinyi mna wengine wanawangoja." Akafunga mkanda wa gauni lake, akashika mkono wa Sista kwa ajili ya magoti, na wote wanne wakasogea mpaka mlango wa namba tano.